Mori wa Barbari

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoka Marekani mwaka 1974, mchezaji alichagua mhusika wake kati ya aina tatu tu: mpiganaji, mchawi au kuhani. Barbari hakuwemo. Gary Gygax, aliyeutunga mchezo huo pamoja na Dave Arneson, alizipenda mno hadithi za Conan, shujaa wa nyikani ambaye Robert E. Howard wa Cross Plains, Texas, alianza kumsimulia katika jarida la Weird Tales mwezi Desemba 1932. Hata hivyo, aliyetaka kuwa Conan mezani alichukua mpiganaji wa kawaida, mengine akayajazia kwa mdomo wake.

Waliotangulia kuingia vitabuni ni maberseka, tena kwa upande wa maadui. Katika orodha ya viumbe ya mwaka huo huo wa 1974 walielezwa kuwa watu waliopandwa na mori wa vita, na kanuni hazikuwapima kama wamevunjika moyo, kwa kuwa hawakimbii. Asili yao ni masimulizi ya kale ya Norway na Iceland. Sura yao ingaliko kwenye kete za sataranji zilizopatikana kisiwani Lewis, Uskoti, mnamo 1831: askari mdogo wa jino la walrasi, wa karne ya 12, macho yamemtoka, meno yameng'ata ukingo wa ngao yake. Hakuna kitu chochote katika historia ya barbari wa mchezo kinachomfafanua vizuri kuliko kete ile, ingawa ilichukua miaka 26 wabunifu kuifuata.

Kwanza walimfuata Conan. Nchini Uingereza, Brian Asbury alichapisha barbari wake katika toleo la nne la jarida la White Dwarf. Gygax naye alitoa wa kwake katika Dragon namba 63, Julai 1982, miezi michache tu baada ya Arnold Schwarzenegger kuonekana sinema akiwa Conan. Mwaka 1985 barbari huyo akaingia katika kitabu cha Unearthed Arcana.

Alikuwa mtu wa kutisha. Uhai wake ulipimwa kwa dadu la pande 12, wakati mpiganaji alitumia la pande 10. Alikwea, aliruka na kujificha kama mtu aliyekulia msituni. Ila alichukia uchawi kwa dhati: mwanzoni hakuruhusiwa kutumia upanga wenye nguvu za kichawi wala kuandamana na wachawi, na alipata pointi za uzoefu kwa kuviharibu vifaa vya uchawi. Makatazo yalilegezwa kidogo kidogo kadiri alivyopanda ngazi, lakini kuipanda ngazi yenyewe kulikuwa kazi: alihitaji zaidi ya pointi 6,000 kufika ngazi ya pili, mara tatu ya mpiganaji.

Tatizo la mpango huo linaonekana mara wachezaji wanne wanapokaa pamoja. Mmoja wao karibu kila mara ni mchawi. Kundi linapata fimbo ya uchawi baada ya jasho la saa tatu, na barbari ana kila sababu ya kuivunja gotini. Kwenye hadithi, chuki hiyo inapendeza kwa sababu Conan yuko peke yake. Mezani inawagombanisha marafiki. Si ajabu kwamba toleo la pili la mchezo, mwaka 1989, halikumweka kwenye kitabu kikuu cha mchezaji, na alirudi tu kama tawi la mpiganaji.

Kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR, mchapishaji wa mchezo huo, mwaka 1997, na miaka mitatu baadaye Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams wakatoa toleo la tatu. Barbari aliingia kwenye kitabu kikuu, chuki ya uchawi ikafutwa, na mahali pake pakachukuliwa na mori. Wa ngazi ya kwanza aliupandisha mara moja kwa siku: nguvu na ustahimilivu viliongezeka kwa 4 kila kimoja, kinga ikapungua kwa 2 kwa kuwa hajali tena kujilinda, na mori ulipokwisha alibaki hoi, hawezi hata kukimbia. Hapo berseka alihama rasmi kutoka upande wa maadui.

Ulikuwa uamuzi sahihi, kwani mchezaji alipata la kufanya, tena la kuamua: auwashe sasa au autunze? Lakini Conan alipotea. Conan wa Howard ni mwizi, haramia na hatimaye mfalme. Anajua lugha nyingi na anasoma maandishi ya kale. Barbari wa mwaka 2000 hakujua kusoma mpaka alipe pointi 2 za ustadi. Na lile jambo zuri kuliko yote katika kanuni za 1985, kwamba barbari wa ngazi ya nane angeweza kurudi kwao na kuita jeshi la watu wake, halikurudi. Alibaki na hasira bila ukoo wa kumpokea.

Toleo la 2014 liliubana mori zaidi: ulizimika zamu ikiisha bila barbari kumshambulia adui wala kuumizwa. Kwa hiyo alilazimika kusonga mbele tu. Kanuni za 2024 zimemlegezea. Sasa anaweza kuuendeleza mori hadi dakika 10, na kuanzia ngazi ya tatu hutumia nguvu zake, akiwa ndani ya mori huo huo, kunyata, kuchunguza na kusoma dalili za porini. Hivyo mori wenyewe unamsaidia hata katika kazi isiyo ya kupiga mtu, na Conan, aliyepanda minara usiku kuiba vito, angeitambua kazi hiyo.