Usimamizi wa kampuni yenye madeni

Utaratibu wa kisheria unaoipa kampuni iliyolemewa na madeni muda wa kujipanga na wadai wake. Nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Ufilisi ya 2015: msimamizi akishateuliwa, mdai hawezi kukamata mali bila idhini yake au ya mahakama.

Mji wa Diani, pwani ya Kenya, uliuona utaratibu huu kupitia Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa iliyokuwa na tawi huko. Mwaka 2017 rafu za matawi mengi zilikauka, kwani wauzaji wa jumla waliodai fedha zao waliacha kuleta bidhaa. Januari 2018 Mahakama Kuu iliteua msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Anayeumia zaidi ni msambazaji mdogo asiyeshika dhamana yoyote.

Katika pwani hiyohiyo, kiwanda cha sukari cha Ramisi, Msambweni, kilifungwa 1988, kabla ya kinga hiyo dhidi ya wadai kuwapo.