Jicho la Wavu: Habari za Uvuvi wa Ziwa Victoria

Wasikilizaji wetu, ziwa lile ambalo Waganda huliita Nalubaale, na Wajaluo Nam Lolwe, na ambalo wafanya biashara wa pwani waliliita Ukerewe, ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake lapata maili za mraba 26,600. Mtu asimamaye ufukoni pake haoni ng'ambo, naye hudhani kwa urahisi ya kuwa samaki wa maji mengi namna ile hawawezi kupungua kamwe. Leo twataka kuonyesha jinsi dhana hiyo ilivyowapoteza watu.

Hapo kale watu wa ziwani walivua kwa vyombo vilivyotokana na mimea ya kwao. Wajaluo walifunga mafunjo yakawa kama wavu mrefu, wakayakokota mpaka pwani. Wakatega migono mitoni mvua zilipoanza, wakati ningu wapandapo kwenda kuzaa. Watu wa visiwa vya Sese walishona mbao kwa kamba, wakaunda mitumbwi iliyosifiwa mbali. Na mvuvi kijana aliongozwa na wazee waliojua pepo mbili: ule wa nchi kavu, uvumao usiku na alfajiri, umpelekao mtu ziwani, na ule wa ziwa, uvumao mchana, umrudishao nyumbani. Vyombo hivyo vingi havikufika mbali na ufuko, basi samaki wa maji ya mbele walisalimika.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na miji ikapata njia ya kuletewa samaki. Mwaka 1905 zikaja nyavu za kutega zilizofumwa kwa nyuzi za kitani. Wavu wa namna hii hukaa majini usiku kucha kama ukuta usioonekana. Samaki mdogo hupita katika jicho lake. Mkubwa huingiza kichwa, akanaswa matamvua. Aliyetafutwa zaidi ni ngege, samaki mtamu wa ghuba na maji yasiyo na kina kirefu. Mwanzoni wavuvi walishangilia. Lakini miaka ilipopita, wavu uleule ulitoka majini na samaki wachache kuliko zamani.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Mvuvi aliyeona wavu wake mtupu alinunua wenye jicho dogo zaidi, na kwa muda alipata samaki tele. Jirani yake akaona, naye akafanya vilevile. Wale samaki tele walikuwa wadogo, na wengi walikuwa hawajazaa hata mara moja. Ngege jike huyatunza mayai kinywani mwake, na watoto wakitoka huendelea kuwalinda humo. Basi amnasaye mama mmoja amewanasa na watoto wake wote. Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma.

Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Bwana Michael Graham, alilizunguka ziwa akichunguza jambo hili, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1929. Alishauri jicho la wavu lisipungue inchi 5 likinyoshwa, na uvuvi wa ziwa zima uangaliwe na mamlaka moja, kwa kuwa samaki hawajui mpaka wa nchi. Akaonya pia juu ya kuleta samaki mkubwa alaye samaki wenzake. Kipimo kile cha inchi 5 kiliwekwa katika sheria, lakini kuilinda sheria katika ufuko mrefu namna ile kulikuwa kazi ngumu. Katika miaka ya 1950 nyavu imara za nailoni zikaja, nayo sheria ikaanza kuondolewa. Tena katika miaka hiyo na ile iliyofuata sangara alitiwa ziwani, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kotekote.

Hatusemi kuwa sangara ni hasara tupu. Amejenga viwanda, na nyama yake huuzwa mpaka Ulaya. Lakini alikula aina nyingi mno za samaki wadogo ambao hawakupatikana penginepo duniani. Na ngege, aliyekuwa amekwisha punguzwa na nyavu, karibu atoweke katika ziwa lenyewe. Amesalia katika vijiziwa vya kando, kama Kanyaboli katika bwawa la Yala nchini Kenya, ambako mafunjo yamemkinga.

Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mjini Kisumu mapatano ya kuunda shirika moja la uvuvi wa ziwa hili, makao yake yakawa Jinja. Shauri lililotolewa mwaka 1929 lilingoja miaka 65.

Basi ninyi mkaao karibu na maji, liwe ziwa kubwa au mto wa kijijini, fikirini neno hili. Ngege hakumalizwa na mtu mmoja mwovu. Alipunguzwa na watu wema wengi, kila mmoja akiutazama wavu wake tu. Hata mwanafunzi aweza kulinyosha jicho la wavu wa baba yake na kulipima kwa rula. Samaki apitaye leo katika jicho hilo ndiye atakayewazaa wale watakaoliwa na wajukuu wetu.