Vipimo vya jinsia katika riadha

Vipimo vya jinsia ni uchunguzi wa kimwili au wa kimaabara wanaofanyiwa wanariadha wa kike ili waruhusiwe kushindana na wanawake wenzao. Wanaume hawapimwi. Mwaka 1966, kwenye mashindano ya Ulaya mjini Budapest, wanawake walipitishwa uchi mbele ya madaktari. Kipimo cha kromosomu kilichofuata kilimwondoa Mhispania María José Martínez-Patiño mwaka 1985. Alirudishiwa haki ya kukimbia mwaka 1988, ujana wake wa mbio ukiwa umeshapita.

Mzigo wa kanuni za testosteroni zilizokuja baadaye uliwaelemea zaidi Waafrika. Kwenye mita 800 za Olimpiki ya Rio mwaka 2016, medali zilikwenda kwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Miaka mitatu baadaye wote watatu walikuwa nje ya mbio hizo. Kanuni za 2019 za Shirikisho la Riadha Duniani ziliwataka wanawake wenye homoni ya testosteroni nyingi ya asili waishushe kwa dawa au waache mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Niyonsaba alihamia masafa marefu, akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000 mwaka 2021. Machi 2023 masafa hayo nayo yakafungwa. Annet Negesa wa Uganda aliondolewa kabla ya Olimpiki ya London 2012, kisha akapasuliwa ili testosteroni yake ipungue. Anasema hakuelezwa ipasavyo atakachofanyiwa. Shirikisho la Riadha Duniani limekana kuhusika.

Shirikisho hilo linajitetea kwamba linalinda usawa katika mashindano ya wanawake. Hoja hiyo ina uzito, ila msingi wake wa kisayansi ulikuwa na nyufa: utafiti wa 2017 wa wanasayansi wa shirikisho lenyewe ulifanyiwa masahihisho mwaka 2021, ikakiriwa kuwa haukuthibitisha kwamba homoni ndiyo chanzo cha ushindi. Kufikia hapo wanawake walikuwa wameshafungiwa.

Katika kesi ya Semenya, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikiri mwaka 2019 kwamba kanuni ni za kibaguzi, lakini ikaziona za lazima. Tarehe 10 Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kuwa Uswisi, ambayo mahakama yake kuu ilikataa rufaa ya Semenya, ilimnyima usikilizwaji wa haki, ikaamuru alipwe euro 80,000 za gharama za kesi. Dai la ubaguzi halikuamuliwa.

Michezo inajua kurudisha kilichoporwa. Mrusi Mariya Savinova alipobainika kutumia dawa zilizokatazwa, dhahabu yake ya London ilihamishiwa kwa Semenya. Miaka ambayo Semenya alimeza dawa za kupunguza homoni ili aruhusiwe kukimbia haikupewa utaratibu kama huo. Na vipimo vinaendelea: tangu Septemba 2025, kila mwanamke anayetaka kushindana kwenye ubingwa wa dunia hupimwa mara moja maishani jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye kromosomu Y.