Profesa kizimbani: mila mbele ya Mahakama Kuu, 1987

Watetezi wa mila waliosikika zaidi Nairobi hawakuwa wazee wa kijijini, bali wasomi waliorudi na elimu ya ng'ambo. Jomo Kenyatta aliitetea tohara ya wasichana wa Kikuyu katika kitabu cha mwaka 1938, kilichotokana na masomo yake kwa mwanaanthropolojia Malinowski jijini London. Mshairi Okot p'Bitek, aliyesomea anthropolojia Oxford, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 1970 huku akiwakejeli Waafrika waliouonea haya Uafrika wao. Lakini hakuna mahali msomi alipobanwa kama katika kesi ya S. M. Otieno.

Otieno alikuwa wakili Mjaluo, mkazi wa Langata, mpenzi wa Shakespeare. Alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, mjane wake Wambui, Mkikuyu aliyewahi kuwa katika vuguvugu la Mau Mau, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulikataa katakata: azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ukabaki mochari, na umati ukajaa nje ya Mahakama Kuu, katikati ya jiji.

Sheria ya mwaka 1967 iliziagiza mahakama ziongozwe na mila, mradi zisipingane na haki wala maadili. Mila, hata hivyo, huhitaji shahidi wa kuieleza. Ukoo ulileta wazee, ukaleta hata mchimba makaburi, kisha ukamleta Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyesomea Uppsala, Sweden.

Hoja ya ukoo ilikuwa kwamba mtu anaweza kujenga jumba Langata na bado asiwe na boma la kuzikiwa. Boma la Mjaluo huanzishwa kwa taratibu zake, baba au mwakilishi wake akiwepo, na jogoo na shoka vikibebwa. Wakili wa mjane, John Khaminwa, alijibu kwamba marehemu alikuwa mtu wa kisasa aliyekwisha kujichagulia maisha yake.

Hapa ndipo Oruka ananitatiza. Tangu miaka ya 1970 alikuwa akiwatafuta wahenga vijijini, na aliowaheshimu kuliko wote ni wale waliothubutu kuzihoji mila za jamii zao. Kizimbani hakuitwa kuhoji, aliitwa kueleza. Mahakama ilitaka mila iliyonyooka, yenye ndiyo na hapana, na msomi akishakubali kuitwa bingwa wa mila, shaka zake hazimfai kitu aliyemwita.

Jaji Samuel Bosire aliupa ukoo ushindi tarehe 13 Februari 1987. Mwezi Mei Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye, ikaongeza kwamba kwa wakati ule Mkenya Mwafrika hakuwa na njia ya kujivua kabila la baba yake, ikiwa mila za kabila hilo hufuata ubaba. Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kufa kwake. Wambui hakuhudhuria.

Oruka aliujumuisha ushahidi wake katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wahenga. Wahenga wake walikuwa karibu wote wanaume, na mahakamani nako sauti ya mwanamke ilikuwa nyepesi: ndoa ya kiserikali ambayo Wambui alifunga na Otieno mwaka 1963 haikuwa na uzito mbele ya mila walizozieleza mashahidi wa ukoo. Mjane naye alitoa kitabu chake mwaka 1998, akaisimulia kesi kwa upande wake.