Juma la Darasa la Kwanza: Kutoka Chuoni hadi KKK

Kabla ya shule za serikali kufika, mtoto wa mwambao wa Tanganyika na wa Unguja alianza kusoma chuoni, yaani shule ya Kurani, mara nyingi akiwa na miaka sita au saba. Juma la chuo lilianza Jumamosi na kukatika Alhamisi. Ijumaa watoto walipumzika. Masomo yalifanyika barazani kwa mwalimu au ndani ya ukumbi wake, wakubwa na wadogo wamekaa jamvi moja. Anayeanza alishika ubao wa mti, mwalimu au mwanafunzi mkubwa akamwandikia herufi za Kiarabu kwa kalamu ya utete na wino wa masizi. Alizisoma kwa sauti, kila mtoto na somo lake, mpaka azishike; ndipo ubao ulipooshwa na kuandikwa somo jipya. Kutoka majina ya herufi alipanda kwenye irabu, kisha kuunganisha, kisha sura fupi za mwisho wa Kurani.

Chuo kimelaumiwa sana kwa kukaririsha, na lawama hiyo ina ukweli, maana mtoto aliweza kusoma sura nzima bila kujua maana ya neno hata moja. Lakini hakikuwa na kupanda darasa wala kurudia mwaka. Mwepesi alisonga mbele, mzito alibaki na ubao wake hadi aelewe, na hakuna aliyemwita ameshindwa. Faida hiyo ilipotea mara watoto walipopangwa kwa madarasa, na haijarudi hadi leo.

Herufi za Kirumi zililetwa na wamisionari. Waanglikana wa UMCA walihamia Zanzibar mwaka 1864, na Edward Steere akachapisha vitabu vya Kiswahili kwa herufi hizo. Serikali ya Wajerumani ilifungua shule Tanga mwaka 1892, nyingine zikafuata katika miji ya pwani na makao ya wilaya. Shabaha yake ilikuwa finyu: kupata makarani, wakalimani na maakida. Kwa hiyo kilichotakiwa kwa mwanafunzi wa mwanzo ni kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Juma nalo liligeuka: shule ilifungwa Jumapili badala ya Ijumaa. Wazazi wengi Waislamu walisita kwa sababu Kurani haikuwa somo, na familia nyingi za pwani zikatatua jambo hilo kwa njia ambayo haijaachwa mpaka sasa: mtoto huenda shule asubuhi na chuoni jioni. Hata hivyo shule za serikali hazikufika mia moja hadi vita vya 1914, huku za misheni zikizidi elfu. Nyingi za misheni zilikuwa vibanda vya kijijini ambamo katekista mmoja alifundisha dini na kusoma kwa pamoja.

Chini ya Waingereza, Tanganyika ilipata Idara ya Elimu mwaka 1920. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ilishauri elimu ifungamane na maisha ya kijijini, na shamba la shule likaingia kwenye ratiba hata kwa wadogo. Lililomgusa zaidi mtoto anayejifunza kusoma, hata hivyo, ni uamuzi wa lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo vitabu vya kuanzia viliweza kuandikwa kwa tahajia moja na kutumika Tabora sawasawa na Tanga. Kwa mtoto wa Bukoba au Shinyanga, mambo yalikuja kwa mkupuo: darasa la kwanza ndimo alimokutana na kalamu na Kiswahili kwa wakati mmoja.

Tahajia hiyo ni nyepesi kufundisha, na ndiyo iliyojenga umbo la juma lenyewe. Jumatatu, baada ya kengele, ambayo katika shule nyingi ni ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma, wanafunzi husimama mstarini na kukaguliwa kucha, nywele na sare. Darasani mwalimu huandika a, e, i, o, u, kisha konsonanti moja: ma, me, mi, mo, mu. Mtoto husoma akifuata fimbo ya mwalimu ubaoni, huandika hewani kwa kidole, halafu mchangani, mwisho kwenye daftari. Zikipatikana silabi tano, tayari anasoma mama na mimi. Kuhesabu huendeshwa kwa vijiti na vizibo vya soda. Ijumaa ni imla, na hapo ndipo ugumu hujitokeza: mbwa, nyw ya nywele, ng' ya ng'ombe, dh na th, na l na r kwa watoto ambao lugha ya nyumbani haizitofautishi. Mwalimu anayekimbilia sentensi kabla ya silabi hizo kukaa sawa huvuna watoto wanaokariri ukurasa na kubahatisha maneno.

Baada ya uhuru, shule zilizogawanywa kwa rangi zilifutwa mwaka 1962. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 1973. Kisha, Novemba 1974, kikao cha chama tawala, TANU, mjini Musoma kiliazimia kila mtoto aandikishwe ifikapo Novemba 1977. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, walifika karibu milioni tatu mwaka 1978. Darasa la kwanza ndilo lililobeba mzigo wa kwanza. Watoto walikaa sakafuni au chini ya mwembe, kundi moja likiingia asubuhi na jingine mchana, mwalimu yuleyule akirudia masomo yaleyale. Wengi wa walimu hao walikuwa wahitimu wa darasa la saba waliofundishwa ualimu kazini, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowatembelea. Kuwafanya wote waingie shule lilikuwa jambo kubwa, na halipaswi kudharauliwa. Gharama yake ilikuwa muda wa kusoma, uliopunguzwa na zamu, usafi na kazi za shamba.

Ada iliyorejeshwa katika miaka ya 1980 ilipunguza uandikishaji, hadi ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huohuo masomo ya darasa la kwanza yaliongezeka: Sayansi, Kiingereza, Stadi za Kazi, hata TEHAMA katika shule zisizo na umeme. Vipimo vya asasi ya Uwezo vya mwaka 2011 vilionyesha matokeo bila kificho: wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa. Karibu asilimia 80 ya muda ilipewa kusoma, kuandika na kuhesabu, maarufu KKK, na vipindi viliwekwa dakika 30. Mkazo ulihamia kwenye sauti ya herufi kuliko jina lake. Januari 2016 michango nayo ikafutwa, vyumba vya madarasa vikajaa. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umerudisha Kiingereza darasa la kwanza na kuweka umri wa kuanza kuwa miaka sita, KKK zikiendelea kuchukua sehemu kubwa ya vipindi.