Ndovu wa Ayutthaya: Kutoka Vitani Hadi Maonyeshoni

Msafiri aliyefika Ayutthaya, mji ulio yapata kilomita 80 kaskazini ya Bangkok, katika miaka ya mwisho ya karne ya ishirini au mwanzoni mwa karne hii, aliweza kuona kwa mtupo mmoja wa jicho vitu viwili vilivyoelekea kuwa na umri mmoja. Cha kwanza ni magofu ya mahekalu ya Kibuddha, minara yake ya matofali imesimama pasipo mapaa wala sanamu zenye vichwa. Cha pili ni ndovu waliovikwa vitambaa vyekundu, wakipita polepole kando ya magofu hayo na wageni wawili wawili mgongoni, chini ya mwavuli. Picha iliyopigwa hapo ilimfanya mgeni aamini kwamba mji ulikufa, ndovu wakabaki. Historia yasema vingine. Magofu yamekuwapo tangu mwaka 1767. Bali ndovu wengi wanaobeba wageni katika nchi hiyo waliletwa kazini humo na sheria ya ukataji wa miti ya mwaka 1989.

Ayutthaya, ambayo jina lake latokana na Ayodhya, mji wa Rama katika masimulizi ya Kihindi, ilianzishwa mwaka 1351 ikawa makao makuu ya ufalme wa Siam kwa muda wa miaka zaidi ya mia nne. Haukuwa mji wa kujificha bara. Merikebu zilipanda mto hadi kwenye kuta zake, na Waajemi, Wachina, Wajapani na Wareno walikuwa na mitaa yao. Mreno Tomé Pires, alipoandika mwanzoni mwa karne ya kumi na sita orodha ya mataifa yaliyofanya biashara katika bandari ya Malaka, aliwataja watu wa Kilwa na wa Malindi katika orodha ile ile waliyomo watu wa Siam. Haidhuru kama mtu wa Kilwa aliwahi kuuona mji wa Ayutthaya wenyewe. Soko walilokutania lilikuwa moja.

Katika ufalme huo ndovu alikuwa silaha kwanza, kisha alama ya enzi, kisha bidhaa. Ndovu mweupe, ambaye kwa kweli ni mwenye ngozi iliyofifia tu, alihesabiwa kuwa baraka ya mfalme mwenye haki, na mfalme wa Burma alipoomba apewe wawili akanyimwa, palizuka vita katika miaka ya 1563 na 1564. Lakini habari ijulikanayo na kila mtoto wa shule wa Thailandi ni ile ya mwaka 1593, ambapo Mfalme Naresuan yasemekana alipigana na mwana wa mfalme wa Burma, kila mmoja juu ya ndovu wake, akamwua kwa silaha ya mkono. Tarihi za Kiburma zasimulia kwamba mwana wa mfalme yule alipigwa risasi. Mwanahistoria hana budi kuziweka simulizi zote mbili mezani. Methali yetu ya ndovu wawili na nyasi ingewafaa wote wawili, ila haikuwahi kusema nani huwaandikia ndovu habari zao.

Jambo moja husahauliwa na wale wanaoyalaumu maonyesho ya leo kana kwamba ni uzushi wa mashirika ya utalii. Kuwaonyesha wageni ndovu ni desturi kongwe katika Siam. Wajumbe wa Ufaransa waliofika kwa Mfalme Narai mwaka 1685 walipelekwa kutazama ndovu wa mwituni wakinaswa karibu na Lopburi, nao wakaandika kwa mshangao. Nje ya mji wa Ayutthaya pako boma la magogo makubwa liitwalo Phaniat, ambamo makundi ya ndovu yaliswagwa ili wateuliwe wafaao. Mwaka 1891 Nicholas, mrithi wa kiti cha Urusi, alipoitembelea Siam, alifanyiwa tamasha la kunasa ndovu Ayutthaya. Wakati huo mji ulikuwa umekwisha kuteketezwa na majeshi ya Burma miaka 124 nyuma, na makao ya mfalme yalikuwa Bangkok. Kwa hiyo ndovu na magofu vilianza kuwa tamasha la pamoja mapema kuliko idhaniwavyo. Tofauti ni kwamba yule mgeni wa 1891 alikuwa mmoja, naye hakulipa kiingilio.

Baada ya bunduki kuwaondoa ndovu vitani, misitu ya misaji ya kaskazini iliwapa kazi nyingine, kazi ya kuvuta magogo. Sheria ya mwaka 1939 iliwaweka ndovu wa kufugwa katika fungu moja na ng'ombe na farasi, yaani wanyama wa kazi, ilhali wale wa mwituni walilindwa kwa sheria mbali. Ndovu mmoja, basi, alikuwa viumbe viwili mbele ya hakimu, kwa kadiri ya upande wa msitu aliozaliwa. Mwezi wa Novemba 1988 mafuriko makubwa yaliikumba kusini ya nchi. Magogo yaliyokatwa yaliporomoka pamoja na tope juu ya vijiji, mamia ya watu wakafa. Mwezi wa Januari 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya asili. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, wala si rahisi kuipinga. Lakini mnyama alaye zaidi ya kilo mia moja za majani kwa siku hawezi kuambiwa asubiri. Wachungaji wao wakawapeleka Bangkok, wakatembea nao usiku barabarani wakiwauzia wapita njia ndizi na miwa ya kuwalisha. Hao ndio waliojaza kambi za utalii.

Wengi wa wachungaji hao ni Wakuy wa mkoa wa Surin, karibu na mpaka wa Kambodia, ambao lugha yao si ya jamaa ya Kithai bali ni ya jamaa ya Kikhmer. Zamani walipokwenda kunasa ndovu kwa kamba za ngozi ya nyati, walitumia lugha maalumu ya msituni, wakiyaepuka maneno ya kila siku, kama vile wengi wa Afrika ya Mashariki wasivyotaka kumtaja nyoka kwa jina lake usiku. Unasaji ulipokoma, matumizi ya lugha hiyo yalibaki kwa wazee wachache na katika ibada. Utalii umemhifadhi ndovu wa Surin. Haukumhifadhi msamiati wake, maana mgeni hahitaji kuusikia.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoweza kulinganishwa. Neno ndovu ni kongwe, nalo lina ndugu zake katika njogu ya Kikuyu, nzou ya Kikamba na indlovu ya Kizulu. Lakini msamiati unaolizunguka ni wa mwindaji na mfanya biashara: pembe, buri, kalasha. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alituma ndovu wanne wa Kihindi, wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, pamoja na wachungaji wao, waende bara kubeba mizigo badala ya wapagazi. Walikufa mmoja baada ya mwingine. Kiongozi wao, Frederick Carter, aliuawa mwaka 1880, na Kiswahili hakikupata kutokana na safari ile neno la mtu aongozaye ndovu.

Mwaka 2020, wageni walipokoma kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kambi nyingi za Thailandi zilifungwa na makundi ya ndovu yakarudishwa kwa miguu vijijini. Mashamba ya huko hayakuwa na majani ya kuwatosha.