Vyombo Vikuukuu

Neno vyombo lina maana nyingi hapa Kariakoo. Kwa mama ntilie ni sahani na sufuria. Kwa msukuma mkokoteni ni chochote mtu anachohama nacho. Lakini ukimsikia mwanamuziki anasema, "Bendi ile ina watu, haina vyombo," ujue anazungumzia magitaa, amplifaya, maiki na spika. Maneno hayo machache, ndugu msomaji, yamebeba nusu ya historia ya dansi la mji huu. Nami nataka kuyatumia kusemea jambo ambalo wengi wataliona dogo: kumbi za shule zetu za mjini kati, na vile vyombo vya zamani vinavyotupwa siku vipya vinapoingia getini.

Tuanze mbali kidogo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Enzi hizo dansi lilikuwa la ngoma, tarumbeta na magitaa yasiyo ya umeme, na ukumbi ukijaa, wa nyuma wasikie watakachojaliwa. Mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Dar es Salaam, redio iliyokuja kuwa Radio Tanzania mwaka 1965. Pale Mnazi Mmoja ukajengwa ukumbi wa Arnautoglu, nao vijana wa miaka ya 1950 wakacheza humo mpaka soli zikaisha. Gitaa la umeme likaingia, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ngoma unaweza kuiwamba mwenyewe. Amplifaya huiwambi. Inataka fedha, tena za kigeni.

Basi wenye fedha wakawa wenye bendi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz: vyombo vya chama, wanamuziki waajiriwa. Vijana Jazz ikafuata mwaka 1971 chini ya umoja wa vijana wa TANU. Polisi walikuwa na yao, jeshi nalo halikubaki nyuma. Mwanamuziki angeweza kuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini akiacha kazi alitoka na nguo alizovaa. Mwaka 1985 wanamuziki sita wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim akiwamo, walihamia Orchestra Safari Sound ya Hugo Kisima. Magazeti na vijiwe vilizungumza habari za waimbaji. Vyombo vilibaki DDC, maana havikuwa vyao.

Na hiyo Mlimani Park yenyewe ni funzo. Ilizaliwa mwaka 1978 chini ya Tanzania Transport and Taxi Services. Kampuni ile ilipoishiwa pumzi, bendi haikuzikwa nayo. Mwaka 1983 ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la mji, na sauti ikaendelea kutoka. Mwenye mali alibadilika, muziki ukabaki.

Sasa tazama miaka hiyo ilikuwaje. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Nairobi ndiko santuri za bendi zetu nyingi zilikokuwa zikitengenezwa, na kipuri kilichokosekana huku mtu aliweza kukitafuta huko. Katikati ya hayo ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na fedha za kigeni zikawa adimu kuliko sukari. Spika ikipasuka karatasi ufanyeje? Uagize mpya kwa dola zipi? Ulimwita fundi.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi redio wa mji huu, watu ambao hakuna barabara iliyopewa jina lao. Walijua kwamba chombo kizee hakifi chote kwa siku moja. Joto na chumvi ya pwani huanza na sponji inayozunguka karatasi ya spika. Inaoza, inamung'unyika kama mkate mkavu. Kapasita za amplifaya hukauka, na ule mvumo wa "mmm" unaanza. Lakini sumaku ya spika haizeeki upesi. Transfoma kubwa la amplifaya laweza kuwazika watu watatu. Koili iliyoungua inasukwa upya kwa waya wa shaba, kama wanavyosuka mota za feni mpaka leo. Basi amplifaya moja iliyokufa iliponya mbili zilizokuwa mahututi. Dansi tunalolisifia leo kama zilipendwa, sehemu kubwa lilitoka kwenye vyombo vya viraka.

Kisha milango ikafunguka. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, na kuanzia 1985, chini ya Mzee Mwinyi, mji mzima ukajua neno ruksa. Redio za mabega zikajaa Mtaa wa Msimbazi. Disko likapanda, bendi zikapungukiwa watu. Siwalaumu waliofurahi, maana aliyekaa na redio ya betri moja mbovu miaka sita ana haki ya kununua mpya. Ila pamoja na mali tulipata na tabia nyingine: kitu kikikohoa, kitupe.

Tabia hiyo imefika mashuleni. Shule moja ya hapa mjini kati, sitaitaja, ilipata mfadhili akaiwekea ukumbi mfumo mpya: mikisa, spika za maboksi, maiki zisizo na waya. Vyema kabisa. Nje, juu ya ukuta wa kiwanja cha paredi, zilikuwapo honi mbili za zamani, zile zenye mdomo mpana kama tarumbeta. Aliyefunga mfumo mpya akaunganisha honi hizo kwenye amplifaya mpya. Zikanong'ona. Akasema zimekufa, zikashushwa.

Hazikuwa zimekufa hata kidogo. Honi nyingi za namna ile, za mashuleni na misikitini, zina transfoma ndogo mgongoni. Amplifaya yake ya zamani hupeleka sauti kwenye waya kwa msukumo wa hadi volti 100, na transfoma ile huushusha ufikapo. Ndiyo maana waya mwembamba unaweza kuvuka kiwanja kizima bila sauti kufia njiani. Amplifaya ya kisasa ya ukumbi imetengenezwa kwa spika za omu nne au nane zisizo na transfoma, kwa hiyo honi ikichomekwa humo inapata robo ya robo ya chakula chake. Dawa zilikuwa mbili, tena rahisi. Ama ufunge transfoma ya laini kati ya amplifaya mpya na honi, ama uiache amplifaya kuukuu iendelee kuzilisha honi zake, huku ikipokea sauti kutoka kwenye mikisa mpya kwa waya mmoja tu.

Na honi ina kazi ambayo boksi haliiwezi. Muziki inauua, kweli, besi haina. Lakini kwa wati chache inatupa maneno ya mwalimu mkuu mpaka nje ya ukuta, magari ya Uhuru yakipiga honi zao. Mvua haiisumbui sana. Boksi la ukumbini ukilitoa nje masika moja, umelizika. Fundi mzee angeviacha vyote viwili, kila kimoja mahali pake, na fedha ya spika za nje ingenunua vitabu.

Lakini honi si kidonda changu kikubwa. Kidonda changu ni deki.

Kwa muda mrefu, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Radio Tanzania ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara, na studio yake ndiyo iliyorekodi bendi karibu zote. Nyimbo nyingi hazikupata kuwa santuri. Zilikaa kwenye tepu za rili, nakala moja moja. Tepu haina sauti yenyewe. Bila mashine ya kuizungusha kwa kasi yake sawasawa, ni utepe wa plastiki wenye vumbi la kutu. Sisi tunaoota kuandika riwaya za mji huu tunalitaka vumbi hilo. Utaandikaje usiku wa Dar wa mwaka 1979 kama hujui maiki ya wakati ule ilivyokuwa ikikwaruza, au waimbaji walivyotamka "s"?

Shule nazo zilirekodi: michezo ya kuigiza, ngonjera, kwaya za mahafali. Shule ile ninayoisema ilikuwa na deki ya kaseti chumbani nyuma ya jukwaa, na boksi la kanda. Mfumo mpya ulipoingia, deki, amplifaya na honi vilipelekwa pamoja kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, vikapandishwa mzani kwa kilo. Kanda hakuzitaka, plastiki ile hainunuliwi. Zipo bado stoo, chini ya madawati mabovu, mgongoni zimeandikwa kwa kalamu ya wino majina ya michezo na mwaka. Deki za mitumba za kuzichezea bado zinapatikana kwa mafundi, ukiuliza mapema.